Meli inasimama Mariehamn alfajiri, na sio kwa ajili yako

Watu wengi wanaopanda meli ya usiku kutoka Helsinki kwenda Stockholm kuna kitu kinawapita kwa sababu wanakuwa wamelala. Kwenye saa kumi alfajiri hivi meli inapunguza mwendo, inajigeuza taratibu, inasogea gatini kwenye mji mdogo unaitwa Mariehamn, makao makuu ya visiwa vya Åland, visiwa vya Finland vinavyojitawala vilivyo kati yake na Sweden, mlango unafunguliwa, wanashuka watu wachache na mabegi yao na pengine gari mbili tatu, alafu kabla hata hujageukia upande wa pili kitandani imeshaondoka zake. Na usiku huohuo, mapema zaidi, kwenye saa sita hivi, inapita ingine inayotoka Stockholm kwenda Helsinki, nayo inafanya hivohivo, na ile ya Tallinn–Stockholm nayo ina zamu yake hapo. Mji wenyewe una watu kama elfu kumi na mbili tu, na wakazi wa visiwa vyote wakijumlishwa ni kama elfu thelathini, wasingejaza hata uwanja wa mpira wa maana.

Sasa jiulize, meli inayobeba abiria zaidi ya elfu mbili inapoteza muda na mafuta kusimama hapo usiku ili iweje? Jibu ni kodi.

Iko hivi. Finland ilivyoingia Umoja wa Ulaya 1995, Åland waliingia nao lakini kwa masharti yao, wakabaki nje ya eneo la kodi la Umoja, yaani kwa mambo ya VAT na ushuru wa pombe na sigara pale panahesabiwa kama umetoka nje. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Julai 1999, Umoja wa Ulaya ukafuta biashara ya bila ushuru kwa safari za ndani kwa ndani, meli na ndege zote, ikawa ukitoka nchi mwanachama kwenda nchi mwanachama chupa ya whisky melini unailipia kodi kama dukani. Isipokuwa sasa meli ikigusa Åland. Ikigusa tu, hata kama ni dakika chache na hakuna abiria hata mmoja anayeshuka, safari inahesabiwa imepita nje ya eneo la kodi na duka la melini linaruhusiwa kuuza bila ushuru. Hii sio ujanja wa kificho, imo kwenye mkataba wenyewe wa kujiunga, watu walikaa mezani wakaiandika wakijua wanachofanya.

Mi msimamo wangu ni kwamba ukitaka kuielewa Baltic, hii bahari yenyewe, kama msafiri usianze na ramani wala ratiba, anza na swali la nani analipia meli. Wewe abiria na tiketi yako hulipii, au unalipia kidogo sana. Ukishalijua hilo utaelewa kwa nini njia hii ina meli kila siku na ile haina kabisa, kwa nini kituo kimoja kipo saa kumi alfajiri na kingine hakipo, na kwa nini tiketi ya usiku mzima kwenye kabini wakati mwingine inakuwa rahisi kuliko chumba cha hoteli mjini.

Tuanze na pombe maana ndo mzizi wa hadithi. Finland na Sweden zote zina duka la serikali lenye haki ya kuuza pombe kali peke yake, Finland wanaita Alko, Sweden ni Systembolaget, na ushuru wake ni mkali kwa makusudi, serikali inataka watu wanywe kidogo. Systembolaget Jumamosi wanafunga mchana na hawafungui mpaka Jumatatu, ukichelewa umechelewa. Alafu nchi hizohizo mbili, zenye sera za kuzuia pombe kwa sababu za afya ya jamii, usafiri wao wa baharini umesimama juu ya kuuza pombe. Panda Silja Serenade au Silja Symphony, meli za miaka ya tisini mwanzoni, katikati kuna barabara ya ndani kama mita 140, maduka na mabaa pande zote na madirisha ya kabini yanatazama chini kwenye hilo soko. Mtu anakuja na kitoroli kitupu asubuhi anarudi kimejaa. Wengine hata Stockholm hawaishuki vizuri, wanazunguka masaa machache mjini wanarudi kwenye meli ileile jioni. Ukivuka mpaka wa kodi wa Åland unaruhusiwa lita moja ya pombe kali, mvinyo lita nne, bia lita kumi na sita, na ukiwaona watu wanavyopanga zile kreti utadhani kuna mtihani wa hesabu.

Ndo maana nasema hayo maduka sio nyongeza ya safari, safari ndo nyongeza ya duka. Na kuna kitu kingine cha Åland watu hawakitaji sana, mashine za kamari melini. Kampuni yao ya michezo ya kubahatisha, Paf, ilianzishwa 1966 na mashirika ya kijamii ya visiwani, na faida inarudi kwenye shughuli za jamii za Åland, michezo, utamaduni, wazee. Kwaiyo mzee wa Tampere akipoteza euro zake kwenye mashine saa sita usiku anachangia klabu ya vijana kwenye kisiwa ambacho hajawahi kukikanyaga. Sisemi ni vibaya. Nasema ni vizuri kujua.

Mtu atanibishia kwamba meli zingekuwepo tu hata bila hiyo Åland, watu si wanataka kusafiri? Haya, nenda kaskazini kidogo uone Vaasa na Umeå. Vaasa iko Finland, Umeå iko Sweden, zinatazamana kwenye ule mlango mwembamba wa bahari unaoitwa Kvarken, masaa manne hivi kwa meli. Zamani hiyo njia ilikuwa inawaka, vijana walikuwa wanapanda kwenda na kurudi kwa ajili ya disko na chupa. Ikaja 1999, biashara ya bila ushuru ikafutwa, na Åland iko mbali kusini huwezi ukaipitia ukasema ni njiani. Kampuni kubwa ikafungasha ikaondoka, ikaja ndogo ikahangaika miaka mpaka ikafilisika. Mwisho miji miwili yenyewe, Vaasa na Umeå, ikaamua kununua shughuli, manispaa mbili za nchi mbili zikawa wamiliki wa kampuni ya meli, na 2021 wakaleta meli mpya kabisa, Aurora Botnia, iliyojengwa Rauma hukohuko Finland. Bahari ileile, watu walewale, uhitaji uleule wa kuvuka, kilichobadilika ni kodi tu. Bila kituo cha Åland njia ilikufa mkononi mwa biashara ikafufuliwa na pesa ya umma.

Huo ndo mfano ambao kila ofisa anayejadili usafiri wa baharini ningependa aanze nao, maana unaonyesha kwamba kuna njia mbili tu za kuiendesha meli ya abiria kwenye hii bahari baridi yenye watu wachache. Ama uuze kitu melini, ama serikali ilipe. Tiketi peke yake haitoshi labda njia iwe na watu wengi kupita kiasi.

Na njia ya watu wengi kupita kiasi ipo, ni Helsinki–Tallinn. Kilomita themanini za Ghuba ya Finland, masaa mawili, meli kubwa kama Megastar na MyStar za kampuni ya Tallink ambazo kila moja inabeba abiria mpaka 2,800, pembeni kuna Viking Line na Eckerö Line wanagombania abiria haohao, na kabla ya corona ilikuwa inapitisha watu zaidi ya milioni nane kwa mwaka. Hii haigusi Åland na haiitaji. Mpaka Estonia inaingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004 biashara ya bila ushuru iliendelea, na baada ya hapo ikabaki tofauti ya bei ya nchi kwa nchi, pombe ya Tallinn rahisi kuliko ya Helsinki, basi. Mfini anavuka asubuhi, anakula mchana, anasukuma kreti za bia mpaka melini, jioni yuko nyumbani.

Lakini hiyo tofauti ya bei nayo ni mtego. Serikali ya Estonia ilipandisha ushuru wa pombe kwa kishindo, bia hasa mwaka 2017, wakidhani Wafini watalipa tu. Matokeo yake Wafini wakapunguza kununua, na Waestonia wenyewe wakaanza kushuka kusini kuvuka mpaka kununua Latvia, maduka yakachipuka pale Valka na Ainaži mpakani kama uyoga, mengine yanauza kwa Wafini waliokuwa wanateremka na magari moja kwa moja kutoka bandarini Tallinn. Julai 2019 Estonia wakanywea, wakakata ushuru wa pombe kwa asilimia 25. Sijui kama kuna nchi ingine iliyofundishwa uchumi na kreti za bia namna hiyo.

Ila ukiishia kwenye bia tu utakuwa hujaielewa Tallinn. Panda meli ya Jumapili jioni au Jumatatu alfajiri kutoka Tallinn uwaangalie watu. Hao hawana vitoroli, wana mabegi ya kazi, viatu vya ujenzi, wanalala kwenye viti hata kabla meli haijatoka. Ni mafundi wa Estonia wanaofanya kazi Finland, ujenzi, umeme, usafi, udereva, wiki nzima wako ng'ambo Ijumaa wanarudi kwa familia. Kwao hii sio utalii, ni daladala ya kazini. Wakati wa corona mipaka ilivyofungwa machi 2020 ndo serikali zikagundua kumbe hii laini ya maji ni sehemu ya soko la ajira la Helsinki, watu wakalazimika kuchagua ama kazi ama nyumbani. Na sisi Waswahili tulioko huku, Wakongo, Wakenya, Wabongo, wengi tunaijua hii njia kwa mambo mengine tu, kanisa, arusi, kwenda kuchukua gari, watoto kubadilisha mazingira. Neno moja hapa kwa anayesoma akiwa na kibali cha mwanafunzi au cha kazi: Estonia iko Schengen, lile eneo la Ulaya lisilo na ukaguzi wa kawaida mipakani, tangu Desemba 2007 na mara nyingi hakuna anayekusimamisha, lakini beba pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi, zote mbili, maana ukaguzi wa ghafla upo na raia wa nje ya Ulaya hawezi kujitetea na kitambulisho cha basi.

Njia ya Riga–Stockholm nayo ilikuwepo, usiku mzima, nzuri tu. Corona ikaisimamisha na Tallink hawakuirudisha, na ukiangalia ramani unaona sababu, haina Åland njiani na haina wale wafanyakazi wa kila wiki kwa wingi ule. Mji mkuu wa Latvia ukabaki hauna meli ya abiria ya kwenda Sweden, ukitaka kuvuka unaenda mpaka Ventspils upande wa magharibi, unapanda meli ya kampuni ya Stena kwenda Nynäshamn ya Sweden, meli ambayo kwanza ni ya malori alafu ndo wewe. Kwa mtazamo wangu hilo ni pengo la aibu kwa eneo linalojisifia kuunganishwa.

Hayo malori ndo nguzo ya tatu, baada ya pombe na wafanyakazi, na hayaonekani kwenye matangazo. Klaipėda kwenda Karlshamn na Kiel, Liepāja kwenda Travemünde, Paldiski kwenda Kapellskär, Gdynia kwenda Karlskrona, Świnoujście kwenda Ystad na Trelleborg, Travemünde kwenda Helsinki masaa kama thelathini. Abiria wa kawaida akipanda hizo anajikuta peke yake na madereva wa Poland, Lithuania, Ukraine, chakula kingi cha kushibisha, hakuna mwanamuziki, saa tatu usiku korido kimya. Kuna watu wanazikwepa, mi nazipendekeza kwa mtu anayetaka kulala.

Kuhusu kushuka njiani, ambayo ndo ilinifanya niandike, ushauri wangu ni mfupi. Ukitaka kuiona Åland usichukue meli ya Helsinki, utashushwa alfajiri kwenye mji uliofungwa, majira ya baridi ni mateso. Chukua ya Turku ya asubuhi. Inatoka kwenye saa tatu kasoro, inapita katikati ya visiwa maelfu kwa maelfu, kwingine karibu kiasi kwamba unaona mtu anaanika nguo, na Mariehamn inafika mchana mweupe. Shuka hapo, lala usiku mmoja au mbili, endelea na meli ya kesho. Lakini angalia tiketi imeandikwa Mariehamn kweli, maana meli nyingine zinasimama Långnäs, nayo Långnäs ni gati tu msituni, kama kilomita thelathini kutoka mjini, hapo utakuwa wewe na misonobari. Na kumbuka Finland na Åland wako saa moja mbele ya Sweden, watu wanaachwa na meli kila siku kwa hilo.

Mariehamn mchana ina kitu cha kukutazamisha. Gatini upande wa magharibi imefungwa Pommern, jahazi la chuma la milingoti minne lililojengwa Glasgow 1903, lililokuwa mali ya Gustaf Erikson, tajiri wa hapohapo kisiwani aliyeendelea kununua meli za matanga kwa bei ya chuma chakavu wakati dunia nzima imeshahamia kwenye injini, akazituma Australia kubeba ngano. Alikuwa mtu wa mwisho duniani mwenye kundi kubwa la meli za matanga za masafa marefu. Kisiwa chenye watu wachache kiasi hicho kimekuwa kikiishi kwa meli za watu wengine karne na karne.

Tena hicho kituo cha Åland ni cha zamani kuliko kodi. Mwaka 1638 ufalme wa Sweden uliweka njia ya posta kutoka Stockholm kwenda Turku kupitia hivi visiwa, kwa sababu Finland ilikuwa sehemu ya ufalme na barua za serikali lazima zifike. Kazi ikabebeshwa wakulima wa Eckerö na wa Grisslehamn ng'ambo, wavuke na mifuko ya barua kwa mashua wazi, makasia na tanga, kiangazi na baridi, wakati mwingine mashua inaburutwa juu ya barafu inayovunjikavunjika. Wengi walizama. Baadaye Urusi ilivyoichukua Finland 1809 Eckerö ikawa mpaka wa magharibi kabisa wa himaya, na 1828 wakamaliza kujenga pale jumba kubwa la posta na forodha lililochorwa na Carl Ludvig Engel, yuleyule aliyechora katikati ya Helsinki, jumba la kifalme kwenye kijiji cha wavuvi, ili anayeshuka kutoka Sweden ajue ameingia kwa mkubwa. Bado lipo. Meli ya leo ya Eckerö–Grisslehamn inapita njia ileile kwa masaa mawili, na ndo njia rahisi kuliko zote ya kufika Åland, watu wanaisahau kwa sababu haina promenadi.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mtu aliyekulia pwani ya Zanzibar, Mombasa au Tanga atalishangaa haraka kuliko wenyeji. Huku maji hayapwi wala hayajai kwa maana tunayoijua. Kwetu bamvua likija maji yanapanda na kushuka mita tatu nne, gati lazima lihesabu hilo. Baltic ni bahari iliyofungwa, chumvi kidogo, kina cha wastani mita hamsini na kitu, na tofauti ya kupwa na kujaa ni sentimita tu. Ndo maana meli inakuja inashusha daraja la magari palepale kila siku kwa dakika ileile, malori yanatoka mbele mengine yanaingia, na kwa muda mfupi meli ya mita mia mbili imeshageuza. Biashara nzima ya ratiba kali imekaa juu ya maji yasiyopanda.

Lakini huo mlango mkubwa wa magari ndo uliowaua watu wa meli iliyoitwa Estonia. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1994, ikitoka Tallinn kwenda Stockholm, kifuniko cha pua kiling'oka kwenye mawimbi, njia ya magari ikaachia, maji yakaingia kwenye deki ya magari ambayo ni uwazi mmoja mrefu usio na kuta, meli ikalala ubavu na kuzama kwa chini ya saa moja. Watu 852 walikufa kati ya 989. Waliopona ni 137. Hiyo ndo maana ya sheria za leo: miaka miwili baadaye nchi za kaskazini mwa Ulaya zilikubaliana Stockholm kwamba meli za aina hiyo lazima zibaki wima hata zikiwa na maji kwenye deki ya magari, baadhi zikafungwa pua kabisa kwa kuchomelewa. Mabishano kuhusu kilichotokea hayajaisha, 2020 filamu ya waandishi ilionyesha tundu ubavuni na uchunguzi ukafunguliwa upya. Mi nachosema ni kwamba mtu akikuambia sheria za usalama zinapandisha bei za meli, mwambie ndiyo, zinapandisha, na umkumbushe zimeandikwa kwa vifo vya nani.

Turudi kwenye pesa. Ukiondoa pombe na malori kuna sehemu ambazo serikali imeshakubali kwamba maji ni barabara. Finland na Sweden zina vivuko vya njano, vifupi, vinaunganisha barabara na barabara kwenye visiwa, bure, unaingia na gari unatoka hakuna wa kukuuliza. Estonia wanatoa ruzuku kwenye vivuko vya kwenda Saaremaa na Hiiumaa, cha Virtsu–Kuivastu ni kama nusu saa na ndo uhai wa kisiwa. Bahari ikiganda vizuri wanafungua barabara juu ya barafu, na sheria zake zinachekesha mpaka uelewe: mkanda hufungi, gari liachane na lenzake mita 250, na mwendo ama chini ya 25 ama kati ya 40 na 70, hapo katikati hapana kwa sababu gari linatengeneza wimbi chini ya barafu na linaipasua. Poland kule Świnoujście mji umekatwa na mto Świna, miaka yote watu walikuwa wanavuka bure kwa kivuko na foleni za kiangazi zilikuwa balaa, mpaka Juni 2023 ikafunguliwa handaki.

Sasa kwa nini maji ya mita mia tano ni barabara na ya kilomita mia ni duka la pombe? Hakuna jibu la kimantiki, ni historia tu. Na hesabu inabadilika. Tangu 2015 meli za Baltic zinalazimika kuchoma mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.1, ghali. Tangu 2024 meli zimeingizwa kwenye soko la hewa ukaa la Ulaya, mwaka wa kwanza zinalipia asilimia 40 ya walichotoa, wa pili 70, alafu kamili. Vijana nao hawanywi kama baba zao. Kama mapato ya chupa yanashuka na gharama za moshi zinapanda, meli za usiku zitapungua, na zikipungua ni Åland itakayoumia kwanza, maana ule usafiri wao wa kila siku wa kwenda nchi kavu pande zote mbili umebebwa na wateja wanaokoroma wakipita. Mi ningekuwa Helsinki au Stockholm ningeanza leo kuhesabu ingegharimu kiasi gani kuzilipia hizo njia moja kwa moja kama Vaasa na Umeå walivyofanya, kuliko kusubiri meli iondolewe ndo tuanze vikao.

Kusini wao wameamua vingine. Kati ya Puttgarden ya Ujerumani na Rødby ya Denmark kuna meli kila nusu saa, usiku na mchana, kilomita kumi na nane na ushee, tangu 1963. Treni yenyewe ilikuwa inaingia tumboni mwa meli, abiria wanapanda juu kununua soseji alafu wanarudi kwenye mabehewa yao, mpaka Desemba 2019 wakaiondoa. Chini ya maji hayo sasa linajengwa handaki la Fehmarnbelt, gari litapita dakika kumi, treni saba. Wote wanashangilia na treni ya Hamburg–Copenhagen kweli inalihitaji. Lakini dereva wa lori sheria ya Ulaya inamtaka baada ya masaa manne na nusu ya kuendesha apumzike dakika arobaini na tano, na safari ya Puttgarden–Rødby ni dakika arobaini na tano. Anazima injini, anapanda juu, anakula, meli inamsogeza wakati amekaa. Kwenye handaki atatumia dakika kumi, alafu bado atadaiwa zile arobaini na tano, na atazitafuta kwenye parking za barabara kuu za Ujerumani ambazo jioni malori yameshajaa mpaka njia za kuingilia.